Nyekundu Iliyobaki Nyuma

Simu ya mzee Lafaele ilikuwa imepasuka kioo, kwa sababu alikuwa ameishika mkononi alipoanguka bafuni. Binti yake Ianeta aliileta ofisini Onehunga akiwa bado na sare yake ya kazi ya uwanja wa ndege, akaiweka mezani mbele ya Moelagi, fundi wa programu, bila hata kuvuta kiti.

"Baba hakukosea," alisema. "Alifuata mlichoandika. Tazama mwenyewe."

Moelagi akatazama. Ulikuwa ujumbe wa dawa, ule ambao programu yao iliutuma kila asubuhi kwa wagonjwa wa presha wa zahanati ya Māngere, kwa Kisamoa. Maneno yake yalikuwa haya: "Kwa heshima ya kiti chako na ya ukoo wako, tukiomba radhi kukatiza utulivu wako, twakuambia: Ni mwiko kumeza vidonge viwili asubuhi moja, hata kama ulisahau cha jana, hata kama kichwa kinakugonga. Meza kidonge kimoja tu asubuhi."

Maneno yalikuwa sawa kabisa. Balaa lilikuwa kwenye rangi. Sentensi ya mwisho ndiyo iliyotakiwa kuwa nyekundu na nene, ionekane hata na mtu aliyesahau miwani. Badala yake iliyoiva nyekundu katikati ya kioo kilichopasuka ilikuwa "meza vidonge viwili asubuhi", "ku" ya mbele ikiachwa nyeusi, na rangi ikaendelea mpaka nusu ya neno lililofuata, ikakatika hapo.

"Si ndiyo nyekundu uliyowaambia waifuate?" Ianeta aliuliza. "Ulisimama ukumbini mwa kanisa, nami nilikuwepo, nagawa chai. Ukasema, wazee wangu, msihangaike na maneno mengi, tafuteni nyekundu. Basi baba akaitafuta. Viwili kila asubuhi, wiki nzima, mpaka presha ikamshuka. Nyonga imevunjika, Moelagi. Yule aliyekuwa akisimama saa nzima kuongoza kwaya, sasa anageuzwa kitandani na watoto wa watu."

Callum, bosi wao, alitoka kwenye chumba chake na uso wa msiba. Alikuwa palagi, mzungu mrefu mwenye maneno laini, na maneno laini yana kazi yake siku kama hizo. Alimwambia Ianeta kwamba wamesikitika sana, kwamba watalichunguza jambo hilo mpaka chini, akaipiga picha ile simu kwa pande zote kisha akamrudishia. Ianeta akaifuta kwa kiganja, akaondoka.

Moelagi hakuwa na haja ya kuchunguza chochote. Alijua tangu alipoona lile neno lililopakwa nusu. Hakuna mwanadamu anayekusudia kupaka rangi nusu ya neno. Ile ilikuwa rangi ya hesabu, na hesabu aliifanya yeye.

Maana kwenye simu, kama hujaelekeza vinginevyo, rangi haishikani na neno. Inashikana na mahali. Unaiambia programu: anzia herufi hii, ishia herufi ile, hapo katikati paka nyekundu. Programu inatii, wala haiulizi pale katikati pana nini. Ukiongeza maneno mbele, matini yote yanasogea, lakini ile rangi haina habari. Inabaki palepale ilipoambiwa ikae, juu ya maneno mengine. Ipo njia ya pili, ya kutia alama ndani ya maneno yenyewe, ili popote yaendapo yaende na rangi yao. Moelagi aliijua njia hiyo vizuri, hata alikuwa amewafundisha vijana wawili wa ofisini. Lakini zahanati ilikuwa ikisukuma, rasimu ya Kisamoa ilikuwa mbele yake, akahesabu herufi kwa jicho na kidole akasema atarekebisha baadaye. Kila fundi anaijua hiyo baadaye, na wachache sana wameshawahi kuifikia.

Rasimu ile haikuwa na salamu. Salamu aliziongeza shangazi yake, Fuatino, aliyetafsiri. Shangazi Fuatino alikuwa mwalimu wa Kisamoa maisha yake yote, na kwake ujumbe unaomwambia mtu mzima, tena mwenye cheo cha ukoo, "meza" bila hata kumwomba radhi, ni sawa na kumrushia chakula kama kuku. Nani atamsemesha mzee hivyo? Akaandika maneno ya heshima mwanzoni, akayatuma siku moja kabla programu haijatoka, akampigia Moelagi simu.

"Nimeongeza salamu. Umeisoma?"

"Nimeisoma, shangazi. Iko vizuri."

Hakuwa ameisoma. Kisamoa cha Moelagi kilikuwa cha jikoni na cha kugombezwa. Yale maneno mazito ya heshima yalimpa kizunguzungu, na siku ile hakuwa na nafasi ya kizunguzungu. Aliyabandika kwenye programu, akafungua simu yake ya majaribio, akaona nyekundu ipo, akafunga. Aliitazama nyekundu kama wale wazee walivyokuja kuitazama.

Kesho yake Callum aliita kikao. Alikuwa ameshapata jibu, na alionekana amelala vizuri.

"Nimezungumza na zahanati," alisema. "Matini ya Kisamoa yalikuwa na sentensi ambayo haimo katika matini ya asili. Mtafsiri aliiongeza. Hiyo ndiyo iliyosogeza kila kitu. Simlaumu mama wa watu, nia yake ilikuwa njema, lakini nimeshaandika hivyo kwenye taarifa. Tunaziondoa zile salamu leo, rangi zinarudi mahali pake, tunaendelea. Kuna mwenye la kuongeza?"

Moelagi alifungua mdomo. Akaona jinsi watu wote walivyopumua, jinsi chumba kizima kilivyofurahi kwamba kosa lina mwenyewe na mwenyewe hayupo. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Akakumbuka ukumbi wa kanisa, mchungaji akimwombea, wazee wakimvisha mashada mpaka shingo ikauma, mama yake akilia kwa majivuno. Akafunga mdomo. Aliona haya, na haya yenyewe ikawa ndiyo iliyomziba.

Taarifa ya zahanati haikukaa zahanati. Mfanyakazi mmoja wa pale ni mwimbaji wa kanisani, na kufikia Jumapili ilikuwa imeshafika kwenye viti vya nyuma, ikakaangwa, ikatiwa chumvi. Fuatino ndiye aliyemvunja mzee Lafaele. Fuatino na Kisamoa chake cha kujionyesha. Si unamjua, hata ukimwomba chumvi atakuanzia na nasaba ya babu yako. Watu waliokuwa wakimwita mwalimu walianza kumpisha njia kwa adabu ya kupita kiasi. Shangazi mwenyewe hakujitetea. Wiki zile za mzee kulazwa hakuonekana kwenye mazoezi ya kwaya, na mama yake Moelagi alisema amekonda.

Kisha mzee akaruhusiwa kurudi nyumbani, na Ijumaa mama akampigia Moelagi simu kazini.

"Shangazi yako ametoa mkeka," alisema. "Ule mkubwa, wa arusi ya bibi. Kesho alfajiri anakwenda kupiga magoti kwa Lafaele. Nimemwambia tutampeleka, amekataa. Anasema kosa ni lake peke yake."

Moelagi aliishika simu baada ya mama kukata. Mtu mzima, mwenye magoti mabovu, anakwenda kukaa kwenye majani ya baridi chini ya mkeka wa heshima, uso chini, mbele ya nyumba ya watu aliowaumiza, angoje waje waufunue mkeka au wamwache hapo. Hiyo ndiyo ifoga. Haifanywi kwa vikombe vilivyovunjika. Inafanywa kwa damu. Na damu hii haikuwa ya shangazi.

Jioni hiyo, wenzake walipokuwa wakichukua makoti, Moelagi alibaki. Aliziondoa hesabu zake zote. Alizirudisha salamu za shangazi, neno kwa neno, akatia alama ndani ya sentensi ya mwisho yenyewe, ili sasa hata mtu angeongeza sura nzima mbele yake, nyekundu ingekwenda na "meza kidonge kimoja tu" kama mtoto na mbeleko. Kazi yote ilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Hilo ndilo lililomliza. Kisha akaandika barua pepe kwa Callum na kwa zahanati: salamu hazikuwa kosa, kosa ni hesabu zangu, nilijua njia sahihi nikaiacha, nilijua ukweli kwenye kikao nikanyamaza.

Callum alimpigia kabla hajafika kituo cha treni. Hakuwa na maneno laini.

"Hukupaswa kuiandikia zahanati bila kuniuliza. Unaelewa umefanya nini?"

"Naelewa."

"Jumatatu ni kikao cha nidhamu, uje na mtu wa kukusimamia," alisema, akakata.

Shangazi Fuatino alikuwa jikoni akikaanga panikeke za kwao, kama maandazi, ambazo hakuwa na nia ya kuzila. Mkeka ulikuwa umekunjwa juu ya kiti, mlaini kama kitambaa, manyoya mekundu yakining'inia pembeni. Moelagi alimweleza yote akiwa amesimama mlangoni. Alimweleza kuhusu rangi na mahali, kuhusu kikao, kuhusu barua. Shangazi aliendelea kugeuza panikeke mpaka akafika pale pa mwisho.

"Na ile siku nilipokupigia?"

"Sikuwa nimeisoma."

"Nilikuuliza."

"Uliniuliza, shangazi."

Shangazi alizima jiko. Alizipanga panikeke moja moja kwenye sahani, na Moelagi angependa zaidi apigwe mwiko wa mgongo kama zamani.

"Nimekaa wiki hizi zote naisoma ile sentensi yangu," shangazi alisema mwishoni. "Naipindua, naipindua. Nikasema, Fuatino, majivuno yako yamemvunja mtu mfupa. Nikamwomba Mungu anisamehe kwa kumsalimia mzee. Unanisikia? Nilitubu adabu. Na wewe ulikuwa unapita hapa kila Jumatano kula wali wangu na tambi zangu za sapasui."

"Nisamehe."

"Sitaki kusikia hilo leo. Ngoja mpaka niwe tayari." Alijifuta mikono. "Kesho uje na koti. Majani yana maji."

"Nitakwenda peke yangu. Kosa si lako."

"Kosa si langu, lakini wewe ni wangu," shangazi alisema kwa hasira. "Nani alikuambia mtu anakaa chini ya mkeka peke yake kama hana ukoo? Hata hilo hukusoma?"

Kulipopambazuka walikuwa wamekwisha piga magoti mbele ya nyumba ya mzee Lafaele, mkeka mmoja juu ya vichwa viwili. Majani ya Julai yalikuwa baridi ya kuuma. Chini ya mkeka palinuka kabati na mafuta ya nazi, na pumzi ya shangazi ilikuwa fupi kwa maumivu ya magoti. Gari lilipita, likapunguza mwendo, likaendelea. Watoto waliokuwa wakienda kucheza raga walinyamaza walipofika kwenye uzio. Hata wao waliijua ile sura ya mkeka.

Mlango ulifunguka, ukafungwa. Baada ya muda ukafunguka tena, na nyayo za Ianeta zikashuka ngazi.

"Mwalimu Fuatino," alisema.

"Ni mimi."

"Huyu mwingine nani?"

"Ni mimi, Moelagi." Sauti yake ilitoka ndogo, akaikaza. "Aliyemwangusha mzee ni mimi. Salamu hazikuharibu kitu. Nilihesabu mahali pa kuweka rangi, maneno yakasogea, rangi haikusogea, nami sikutazama. Nilipoona simu yake nilijua. Nikamwacha shangazi abebe."

Walisikia Ianeta akivuta pumzi puani, kama mtu anayejizuia. Kisha mkeka ukashikwa upande wa shangazi, ukakunjwa nyuma, polepole, mpaka ukafika kati yao wawili ukaachwa hapo. Mwanga ukamwangukia shangazi peke yake.

"Inuka, mwalimu," Ianeta alisema. "Sisi tulikusema vibaya, nami nilikuwa mmoja wao. Wewe ulimsalimia baba yangu tu. Ingia ndani, kuna kakao ya moto."

"Na mtoto wangu?"

"Huyo sijamaliza naye."

Shangazi alibaki pale kitambo. Moelagi aliona mkono wake tu, ule wenye mishipa, ukishika majani. "Nenda, shangazi," alimwambia. Ianeta akamshika mwalimu kwapani, akamwinua, na wakapanda ngazi pamoja. Mlango ukafungwa.

Mvua ikaanza, nyepesi, kisha ya kweli. Mkeka ulilowa ukawa mzito. Moelagi hakujua saa, na hakutaka kujua. Alikuwa amedhani kwamba akishasema ukweli atajisikia mwepesi, maana ndivyo watu husema. Hakujisikia mwepesi. Alijisikia baridi, na aibu, na hofu ya Jumatatu, na juu ya yote alimwonea uchungu yule mzee ambaye alimwamini binti wa kanisani kwake kuliko macho yake mwenyewe. Alilia chini ya mkeka, kwa kuwa pale hakuna aliyemwona.

Alisikia chuma kikigonga mbao za baraza. Kikagonga, kikatulia, kikagonga tena. Ilikuwa fremu ya kutembelea, na nyuma yake Ianeta akinong'ona kwa wasiwasi, "Baba, daktari alisema ngazi hapana. Baba, nakuomba."

"Basi mlete huku," mzee Lafaele alisema. "Nimechoka kusikia mtu analia kwenye majani yangu."

Ianeta alishuka akamwinua Moelagi bila kumvua mkeka, akampandisha barazani akiwa bado amefunikwa, maji yakimchuruzika. Moelagi akapiga magoti tena kwenye mbao. Mkono wa mzee ukanyooka kutoka kwenye fremu, ukauvuta mkeka. Nguvu zilimfikisha mabegani tu, akauacha hapo. Alikuwa amepungua, mzee yule. Shingo ilikuwa nyembamba ndani ya kola, na lavalava, shuka yake ya kiunoni, ilifungwa kwa pini ya mtoto ili isianguke.

Hakumwambia amesamehewa. Alitoa simu kwenye mfuko wa shati, ile ile yenye ufa.

"Tangu nianguke siisomi tena," alisema. "Ianeta ndiye ananipa dawa, na sasa anakwenda kazini. Nisomee."

Simu hiyo haikuwa imeunganishwa na mtandao tangu irudi kutoka ofisini, na ujumbe ulikuwa uleule wa zamani. Nyekundu ilikuwa bado palepale, juu ya maneno yasiyo yake. Moelagi akaitazama. Akaruka moja kwa moja mpaka mwisho. "Meza kidonge kimoja tu..."

"Hapana," mzee alisema. "Wewe ni mtoto wa nani, unamwanzia mtu mzima na 'meza'? Anza mwanzo."

Akaanza mwanzo. Maneno ya shangazi yalikuwa mazito mdomoni kama mawe ya mto. Alipokosea, mzee alisubiri, akalitamka neno yeye, naye akalirudia. Kwa heshima ya kiti chako. Na ya ukoo wako. Tukiomba radhi. Hapo alikwama, akalirudia hilo la radhi upya, akaendelea. Ndani ya dirisha shangazi Fuatino alikuwa amesimama na kikombe chake, hanywi. Moelagi alisoma mwiko wote, kuanzia neno la kwanza kabla nyekundu haijaanza, akapita ndani ya nyekundu, akatokea upande wa pili, akafika kwenye sentensi ile nyeusi, nyembamba, ambayo hakuna mtu aliyeiona.

Ianeta alimpa chupa. Moelagi akatoa kidonge, akakiweka kwenye kiganja chake kilicholowa, akakinyanyua.

Mzee Lafaele hakukichukua. Alikitazama kidonge, kisha akamtazama yeye.

"Una hakika?" aliuliza.

Moelagi alifunga kiganja. Akaishika simu kwa mkono wa pili, akarudi kwenye neno la kwanza, akaisoma tena yote.